Kwa nini kutoa rangi ya zamani kwenye Land Rover ya jeshi ni ghali kuliko kupiga mpya

Haupiti mwezi kwenye gereji yetu hapa Arusha bila mteja kulalamika juu ya hili. Wiki iliyopita kaka mmoja wa Moshi katutumia voisi ndefu WhatsApp, amewaka kweli, anasema tunamwibia mchana kweupe. Gari yake ni Land Rover Series III, zile Lightweight zilizotoka jeshini, na tulimpa makadirio ya kazi mbili, kutoa rangi yote ya zamani halafu kupiga mpya. Kilichomuuma ni kwamba hela ya kutoa ilizidi hela ya kupiga, tena kwa mbali. "Rangi mpya naiona, nitatembea nayo mjini, hiyo ya kutoa nalipia nini?" Ndivyo alivyouliza. Nikampigia, tukaongea karibu nusu saa, na nadhani alinielewa, lakini nimechoka kuongea hayohayo kila mara, kwa hiyo leo naandika yote na atakayeuliza tena namtumia hii asome taratibu nyumbani kwake.

Kwanza ujue gari yenyewe imetengenezwa na nini, maana hapo ndipo hela inapoanzia. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vimeisha juzi tu, Uingereza chuma kinatolewa kwa mgao, ila alumini ilikuwa inapatikana kwa sababu viwanda vya ndege havikuwa tena na kazi ya vita. Rover wakaamua bodi iwe ya alumini iliyochanganywa na magnesi kidogo, inaitwa Birmabright, na chesisi wakaiacha ya chuma. Mpango ukabaki hivyohivyo miaka nenda rudi, Series I, II, IIA, III, hadi Defender ya zamani. Sasa matokeo yake ni haya: madigadi ni alumini, ngozi ya boneti alumini, ngozi za milango alumini, tabu ya nyuma, yaani lile boksi la kubebea, alumini, lakini chesisi ni chuma, balkhedi, ule ukuta kati ya injini na dereva, ni chuma, fremu za ndani za milango ni chuma, na zile kingo za juu ya tabu ni chuma kilichochovywa zinki. Yaani kwenye mlango mmoja tu una metali mbili zimekumbatiana, na dawa inayofaa kwa moja inaua nyingine. Ndiyo maana fundi wetu akipokea gari kitu cha kwanza kushika ni sumaku, sio msasa. Anazunguka nayo gari nzima na chaki, inaposhika anaandika C, inapokataa anaandika A. Na inapokataa mahali ambapo inatakiwa kushika, hapo tunajua kuna puti nene chini, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi, na tutakuja kuongea.

Rangi yenyewe sasa. Gari ya jeshi haikupakwa kama ya kwako ya nyumbani. Kambini walikuwa wanaipaka kwa brashi, ikichakaa wanapaka juu yake, ikipelekwa sehemu ya jangwa wanaipaka rangi ya mchanga, ikirudi wanaipaka kijani tena. Halafu ikauzwa mnadani, mwenye kampuni ya utalii akaipaka nyeupe, mwenye shamba akaipaka rangi ya redi oksaidi iliyobaki kwenye geti lake, na aliyekuuzia wewe akapuliza kijani cha kopo juu ya vyote ili iwe na sura ya jeshi. Tunakuta tabaka juu ya tabaka, nyingine zimekauka mpaka zinapasuka zenyewe, nyingine bado laini chini. Hakuna dawa moja inayopita zote kwa mkupuo. Unatoa moja, unasubiri, unaanza nyingine.

Na kupiga rangi ya jeshi, nikwambie ukweli, ni kazi nyepesi kuliko ya saluni yako. Haing'ai. Haina klia juu, haina kupolishi, haihitaji yule fundi wa kupuliza anayelipwa kama daktari. Tunachanganya na hadna, tunapuliza, imeisha. Kilichobaki ni kujua kijani kipi. Mteja akisema tu "kijani ya jeshi" lazima nimuulize, maana Waingereza kwenye kitabu chao cha rangi BS 381C wana 224 ambayo ni kijani iliyokolea sana, na wana 285 ya NATO, halafu ile ya mchanga ni 361. Ukiweka vibao vitatu juani vimepishana kabisa. Kwa hiyo yule kaka wa Moshi asione ajabu. Bei ya kupiga kwake iko chini kwa sababu kazi ya kupiga ni ndogo, na ya kutoa iko juu kwa sababu yote ni mikono ya watu.

Sasa nije kwenye njia za mkato, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Inayotuletea kilio kuliko zote ni kostiki soda. Kuna bwana mmoja wa Karatu alinunua Series III kutoka kwenye shamba, gari nzuri, milango yote ya asili, haijawahi kubadilishwa. Akaomba bei kwetu, akaona kubwa. Rafiki yake anayechomelea mageti akamwambia mbona rahisi, nunua kostiki kwa watengeneza sabuni, jaza maji kwenye pipa, tumbukiza, kesho unatoa chuma cheupe. Na kwa mageti ni kweli inafanya kazi, geti ni chuma tupu, kostiki haigusi chuma, inakula rangi tu. Lakini alumini inaliwa. Kostiki ikikutana na alumini ndani ya maji inaitafuna, inatoa joto na inatoa gesi ya haidrojeni, ile inayoshika moto kwa cheche moja. Bwana yule anasema pipa lilianza kuchemka lenyewe bila kuni, wakalishangilia, wakadhani dawa imekolea. Na wenzake walikuwa wanachomelea pembeni hapohapo! Mungu tu aliwanusuru.

Asubuhi walipovua milango, fremu za chuma ndani zilikuwa safi kabisa, zinang'aa. Ngozi ya nje imekuwa nyeusi, imejaa vishimo, na chini kabisa pale ngozi inapokunjwa kushika fremu ilikuwa imekwisha, ukibonyeza kwa kidole gumba inaingia ndani. Akatuletea. Nilishika ile milango nikaumia roho, maana alumini ile haipatikani dukani Arusha. Ikabidi tutafute shiti ya kufanana Nairobi, tukunje upya kwa mkono, tuvishe fremu, tutengeneze pembe. Gharama ya milango ile peke yake ilizidi bei tuliyompa mwanzo ya kutoa rangi gari nzima. Na kingo za zinki alizotumbukiza humohumo nazo zilitoka bila zinki, kwa sababu kostiki inakula zinki pia. Sasa zinapata kutu.

Kwa hiyo tafadhali, hata kama hutaleta gari kwetu, kostiki usiiweke kwenye Land Rover. Hata ile "kidogo tu kwa brashi". Hata ile dawa ya kusafishia oveni, ni jamii hiyohiyo, soma nyuma ya kopo.

Njia ya pili ni kupiga mchanga. Watu wameona matanki ya maji na matela ya malori yanapigwa mchanga kwa kompresa kubwa, yanatoka meupe kwa saa chache, wanasema kwa nini nyie mnakwangua wiki nzima? Mzee mmoja wa Tanga, tunamheshimu sana, alipeleka madigadi na boneti kwa watu wa matanki kabla ya kuja kwetu. Presha ile imewekwa kwa bati nene la tanki, ngozi ya Land Rover ni nyembamba na laini, mchanga ukiipiga unainyoosha upande mmoja, inavimba. Madigadi yake yalirudi yamekuwa kama bati la migongo. Ukikimbiza mkono juu unasikia mawimbi. Na hakuna kulirudisha likawa bapa kabisa, unaweza kupunguza, unaweza kuficha kwa puti, lakini mwangaza wa jioni ukilipiga utaona. Mzee hakulalamika hata kidogo, alisema tu, "Mwanangu, laiti ningekusikia." Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Chesisi ni jambo jingine, chesisi tunapiga, tena tunapendelea kupiga, ila hatutumii mchanga wa mto. Mchanga ule ukipasuka unatoa vumbi la silika linaloingia kwenye mapafu na halitoki. Uingereza waliukataza kwenye kazi ya namna hii kwa kanuni za mwaka 1949, yaani Land Rover ilikuwa na mwaka mmoja tu duniani, na sisi leo bado unamkuta kijana anapiga mchanga amefunga kitambaa cha tisheti puani. Tunatumia ganeti, chembe za jiwe gumu, inagharimu, na iko ndani ya bei yako. Chesisi ikishapigwa inaingia praima ya epoksi siku hiyohiyo, hailali. Ukiiacha uchi usiku mmoja msimu wa mvua, au ukiwa pwani hata kiangazi, asubuhi imeshapata rangi ya chungwa.

Grainda. Hapa nawasemea mafundi wenzangu zaidi kuliko wateja. Diski ya msasa kwenye grainda inatoa rangi haraka na inatoa alumini haraka vilevile, kijana akilegeza mkono sekunde mbili ameshachimba bonde. Brashi ya waya ndiyo mbaya zaidi kwa sababu madhara huyaoni siku hiyo. Ile waya ni ya chuma, vipande vidogo vidogo vinakatika na kujikita ndani ya alumini, unapuliza rangi juu inapendeza, mteja anaondoka anafurahi, masika ikipita anarudi na madoadoa ya kutu yanayotokea kwenye alumini na kila mtu anashangaa alumini imepataje kutu. Imepata kwa brashi ya waya. Tumepokea gari za namna hiyo kutoka kwa watu waliolipa nusu ya bei yetu, tukatoa rangi mpya kabisa isiyo na mwaka.

Na wale wa kuchoma kwa mtungi wa gesi, naomba muache. Alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, haikupi onyo, ikifika nyuzi 660 hivi inadondoka tu. Kabla ya hapo imeshapinda na imeshapoteza ugumu wake. Na moshi wa rangi ya zamani sio moshi wa kuvuta mtu, nitaeleza.

Sasa sisi tunafanyaje. Gari likifika linaoshwa, linatolewa grisi na oili yote, hasa chini ya madigadi na pembeni ya injini, kwa sababu dawa ya kutoa rangi haipiti kwenye grisi. Halafu tunafungua. Uzuri wa Lightweight ni kwamba ilitengenezwa, kuanzia 1968 mpaka 1984, ili jeshi liweze kuivua paneli na kuininginiza chini ya helikopta, kwa hiyo vitu vingi vinatoka kwa bolti. Hatutoi rangi kwenye gari lililofungwa, yeyote anayekwambia atatoa rangi bila kufungua madigadi atakuachia ya zamani kwenye maungio yote.

Kabla ya dawa tunajaribu kama kweli rangi inahitaji kutoka. Tunachukua wembe, tunakata mistari inayokatizana mpaka chini, tunabandika tepu ngumu, tunavuta kwa nguvu. Tepu ikitoka safi, rangi ile imeshika, tutaipiga msasa na kupaka juu na wewe utaokoa hela. Tumewahi kumwambia mteja asitoe rangi ya tabu yake nzima, alikuja amejiandaa kulipa yote. Ikitoka na vipande, basi hakuna ujanja, maana utakachopaka juu kitaondoka pamoja nayo.

Dawa tunayotumia ni nzito kama gundi, isiyo na asidi wala kostiki, iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa alumini. Kuna zile kali za zamani zenye dikloromethani ambazo zinavimbisha rangi dakika kumi, mafundi wanazipenda, lakini mvuke wake ndani ya chumba kilichofungwa unaua mtu, na Marekani mwaka 2019 walikataza kuwauzia watu wa kawaida kwa kazi hii. Hatuziingizi gereji. Yetu ni ya polepole. Unapaka nene, mkono unaenda upande mmoja tu bila kurudirudi, unafunika na nailoni ili jua la Arusha lisiikaushe, unaondoka. Ukirudi rangi imekunjamana, unaikwangua na skrepa ya plastiki, sio ya chuma. Tabaka moja limetoka. Unaanza tena. Kijana anayekwangua kwetu anajua kusimama pale anapoona rangi inabadilika chini ya skrepa, na hilo halifundishwi siku moja.

Kwenye ribiti, kwenye mikunjo na kwenye maungio dawa haifiki kabisa. Tunaziba na tepu, halafu sehemu ile tunaimaliza kwa msasa wa maji, kwa mkono, na kijiti kilichochongwa kuingia kwenye kona. Hapa ndipo siku zinapoenda na hapa ndipo mteja akipita anatukuta mtu amekaa kwenye ndoo anasugua mahali padogo anasema "hawa wanavuta muda". Dawa ikiingia kwenye mkunjo wa mlango haioshwi ikaisha. Inakaa mle. Unapaka rangi, inatulia, halafu joto likija inatoka polepole na rangi yako mpya inafura malengelenge kwa mstari mnyoofu kufuata mkunjo. Nikiona gari lina malengelenge ya mstari mnyoofu huwa sihitaji kuuliza lilitolewaje rangi.

Kuna faida moja ya kwenda polepole ambayo watu hawaihesabu. Mwaka jana tulikuwa na gari lililotokea upande wa Nanyuki, huko ambako jeshi la Uingereza wana kambi ya mazoezi, likapita mikononi mwa watu kadhaa mpaka likafika kwa dada mmoja wa Njiro. Alitaka tu liwe kijani. Fundi alipofika kwenye ubavu wa boneti akaona chini ya kijani kuna kivuli cha kitu cheupe, akaacha skrepa, akachukua msasa wa maji namba 600, akawa anazungusha kidole kimoja taratibu na maji yanatiririka. Ikatoka tarakimu. Halafu nyingine. Halafu herufi mbili na tarakimu mbili tena, zile namba za magari ya jeshi la Uingereza zinakwenda hivyo tangu 1949, mbili, mbili, mbili. Zilikuwa zimeandikwa kwa stensili, kingo zake zimeachana kidogo pale brashi ilipopita. Tulimwita yule dada aje aone kabla hatujagusa tena. Alikaa pale muda mrefu anapiga picha, akasema pale pasiguswe, tukapaka gari zima tukaacha kile kipande cha boneti, tukakipaka klia tu kilindwe. Namba ya chesisi alishawatumia British Motor Museum, makumbusho ya magari kule Gaydon, Uingereza, wana kumbukumbu za kiwanda, unalipa wanakupa cheti cha gari lilitoka lini na lilipelekwa wapi. Sasa ana gari lenye historia na bei yake si ile aliyonunulia. Grainda ingepita pale, kazi ya nusu dakika, namba imekwenda.

Ila alama za jeshi za nje, ziwe za hapa au za nchi nyingine, kwa gari linalotembea barabarani hatuchori, usituombe. Na kama unabadilisha rangi kumbuka kadi ya gari imeandikwa rangi, kamalize hilo TRA kabla trafiki hajakuuliza.

Jambo lingine linaloleta ugomvi. Tukitoa rangi tunakuta matundu. Mteja mmoja alikuja kuchukua gari akakuta digadi la kushoto lina matundu karibu na mguu wa balkhedi, akapaza sauti mbele ya wateja wengine kwamba vijana wangu wamemtobolea. Nilimtolea simu nikamwonyesha picha. Picha ya kwanza rangi imevimba kidogo tu, ya pili tumetoa rangi tukakuta puti, ya tatu tumetoa puti tukakuta kipande cha gunia kimepakwa puti juu yake, ya nne tundu. Rangi na gunia ndivyo vilivyokuwa vinashika digadi lile. Chuma na alumini vikigusana na pakawa na maji, hasa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe, na magari yaliyokaa Tanga, Bagamoyo au Zanzibar yote yana hilo mahali. Gari halikutoboka kwetu, lilifunuliwa kwetu. Tangu hapo picha tunatuma kwa mteja kila jioni, tundu likionekana unaliona siku hiyohiyo, na makadirio tunayatoa kwa awamu mbili, kwanza ya kutoa rangi, halafu ya marekebisho baada ya kuona chini. Wanaokupa bei moja ya jumla kabla hawajaona alumini wanabahatisha, na wakikosea, wataziba kwa puti. Na hatufungi bodi mpaka kila mahali chuma kinapokutana na alumini pamewekwa praima pande zote mbili na kitu cha kutenganisha katikati.

Nimesema nitarudi kwenye moshi na vumbi. Rangi za miaka ile, hasa kijani na njano, zilitumia sana madini ya risasi, na praima ya alumini ile yenye rangi ya njano inayoelekea kijani mara nyingi ni kromati ya zinki, ambayo inajulikana kusababisha saratani. Ukipiga msasa mkavu uani kwako, vumbi lile linakaa kwenye ovaroli, ovaroli inaingia ndani, mtoto anakuja kukukumbatia. Risasi kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo na haina kurudi nyuma. Kwa hiyo kwetu rangi ya zamani haipigwi msasa mkavu, ni maji tu, vijana wanavaa barakoa za filta na sio kitambaa, ovaroli hazitoki gereji, na hakuna kula chakula eneo la kazi. Maganda ya rangi na dawa iliyotumika vinaingia kwenye mapipa yenye mfuniko na vinachukuliwa na watu wenye kibali cha taka hatarishi, tunawalipa. Tungeweza kumwaga kwenye mtaro kama wengine na maji yakaenda mto Themi, na bei yako ingeshuka. Kuna watu chini kule wanamwagilia mboga, na mboga hizo tunazila wote mjini. Hatutafanya hivyo hata siku moja, na mtu akiniambia bei yangu kubwa kwa sababu hiyo naikubali bila aibu.

Ukitaka kupunguza bei zipo njia za halali. Vua mwenyewe viti, turubai, taa, vioo na mabomba ya turubai, weka bolti kwenye mifuko uandike za wapi, maana saa za kuvua unalipa sawasawa na za kukwangua. Osha chini kwa presha mpaka tope lote la shamba litoke. Kama una muda na una subira, milango na boneti unaweza kutoa rangi mwenyewe kwa dawa sahihi, nje, penye hewa, na tutakuuzia dawa na kukuonyesha mkao wa skrepa bila malipo, sisi tuje tumalize maungio. Kuna kijana wa Usa River alifanya hivyo, alituletea boneti safi kuliko nilivyotegemea, na tulimpunguzia hela yake yote ya boneti. Ila usianze na grainda halafu ulete, hiyo inaongeza bei.

Yule kaka wa Moshi analeta gari mwisho wa mwezi. Kwa wengine, ukaguzi wa sumaku na tepu ni bure kila Jumamosi asubuhi pale gereji Unga Limited, unachukua kama saa moja, na unaondoka na karatasi yenye mchoro wa gari lako, wapi chuma, wapi alumini, wapi puti, na kipi kinahitaji kutolewa rangi na kipi hakihitaji. Karatasi ni yako, hata ukienda nayo kwa fundi mwingine. Njoo na gari likiwa kavu, na usilipulizie rangi ya kopo usiku wa kuamkia Jumamosi ili lionekane zuri, tutaikuta tu na itabidi tuitoe nayo.